Tripaix bila avoka: kesi ndogo huzama kwenye tarehe

Anayekwenda Tripaix, yaani tribunal de paix, mahakama ya ngazi ya chini ya kesi ndogo, peke yake huogopa siku ya kusema. Huogopa Kifaransa, huogopa toga, huogopa avoka (wakili) wa upande wa pili anayesimama na kutaja vifungu kama mtu anayehesabu shanga. Hofu hiyo imebisha mlango usio wake. Kesi nyingi ndogo za madeni hapa Lubumbashi zinaharibika kabla mdai hajafungua kinywa, kwa kuwa karatasi ya kwanza iliandikwa vibaya. Au zinaharibika baadaye, siku ambayo alipaswa kuwepo na hakuna aliyemwandikia barua kumwambia aje.

Sheria yenyewe haimfungii mlango. Dekreti ya tarehe 7 Machi 1960, ambayo mpaka leo ndiyo msingi wa mwenendo wa kesi za madai nchini Kongo, inasema wenye kesi wanafika wao wenyewe au kwa avoka mwenye dosye (faili) yao. Kwa deni la kawaida Tripaix inakaa na juji mmoja tu. Inakuwa na watatu pale inapobidi kutumia desturi ya mahali, na hapo wawili kati yao ni wazee wanaoijua desturi hiyo. Kwa mtu anayedai pesa ya bidhaa au garanti ya nyumba (amana ya mpangaji), mbele yake kutakuwa na juji mmoja na grefiye (karani wa mahakama), na pengine mdaiwa na avoka wake. Basi.

Kabla ya hayo kuna hesabu. Sheria namba 13/011-B ya tarehe 11 Aprili 2013 imeipa Tripaix madai ambayo thamani yake haizidi faranga za Kongo 2,500,000, mbali na mambo ya familia, urithi na ardhi ya kidesturi, ambayo yanaingia kwa njia yake. Mwaka ule dola moja ilikuwa karibu faranga 920, kwa hiyo kikomo kilikuwa kama dola 2,700. Leo dola inazidi faranga 2,000 na kikomo kimebaki palepale kwenye karatasi. Katika mji ambamo kodi ya nyumba, mafundi na hata viti vya saluni vinahesabiwa kwa dola, maana yake ni kwamba deni la dola 1,000 linacheza juu ya mstari: kiwango kikipanda liko nje, kikishuka liko ndani. Aliyeandika sheria alitaka mahakama ya karibu kwa watu wa pesa kidogo. Kikomo kilichofungwa kwa faranga kimewasukuma wengi wao kwenye tribinali kubwa, ambako dosye ni nzito na ngazi ni ndefu. Kukifunga kikomo hicho kwenye kiwango kinachorekebishwa kila mwaka kusingehitaji elimu ya ajabu. Kwa sasa, anayedai dola aandike pia thamani yake kwa faranga pamoja na kiwango cha siku alichotumia, ili swali la uwezo wa mahakama lisimkute mikono mitupu.

Kuna madai mengine yanayofanana na haya lakini njia yake ni nyingine. Mshahara usiolipwa hauletwi hapa. Unapitia kwanza kwa Inspection du travail, ofisi ya ukaguzi wa kazi, kwa ajili ya upatanisho, na bila hiyo tribinali ya kazi haipokei. Ugomvi wa mwenye nyumba na mpangaji unaongozwa na sheria namba 15/025 ya tarehe 31 Desemba 2015, inayotaka mpite kwanza kwenye ofisi ya habitat, ile ya mambo ya makazi. Shika ile PV (hati rasmi) ya kushindwa kupatana, maana asiyekuwa nayo anarudishwa. (Sheria hiyohiyo imeweka garanti ya nyumba ya kukaa isizidi miezi mitatu. Mjini wanaotozwa sita bado wapo, na ni wachache wanaojua kwamba hilo lina kifungu.) Wafanyabiashara wawili wakidaiana kwa mambo ya biashara yao, kuna tribinali ya biashara.

Na kuna polisi. Watu hukimbilia huko kwa sababu konvokasio, wito wa polisi, inatoka siku hiyohiyo na mdaiwa anaogopa. Lakini deni si kosa la jinai. Ili liwe jinai lazima kuwe na utapeli, au kitu ulichokabidhiwa ukakigeuza chako, na hayo yana vifungu vyake. Mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa, ambao nchi yetu ni mwanachama tangu 1976, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mkataba. Anayepitisha deni lake polisi mara nyingi huishia kugawana deni hilo na watu asiowadai kitu.

Sasa grefe, ofisi ya grefiye. Mdai haandiki asinyasio, karatasi ya kumwita mdaiwa mahakamani, mwenyewe; anampa grefiye vitu vya kuiandika, na hapo ndipo kesi inapopata miguu au kilema. Vinavyotakiwa vinajulikana: jina lako kamili, kazi na makao; jina la mdaiwa na mahali anapokaa; unachodai na sababu yake kwa kifupi; mahakama, siku na saa. Makao ya mdaiwa ndiyo yenye kuumiza. “Anakaa Katuba, karibu na kanisa” si anwani. Inatakiwa avenyu, namba, kartie na komini. Kama namba ya nyumba haionekani, nenda kaione mwenyewe au ulize kwa chef wa kartie kabla ya kwenda grefe. Makao hayohayo ndiyo yanayoonyesha ni Tripaix gani ya mji inahusika. Kwa kawaida ni ile ya mahali mdaiwa anapokaa, ama ile ya mahali deni lilipozaliwa au lilipopaswa kulipwa.

Halafu kile unachodai. Tuchukue mama anayeuza unga soko ya Kenya, komini ya hapa mjini, aliyemkopesha jirani kwa ajili ya karamu ya harusi. Akiandikisha “anakataa kunilipa pesa yangu ya unga”, amemkabidhi avoka wa jirani silaha. Ina jina la Kilatini, obscuri libelli, na korido za mahakama zetu zinaipenda mno: ni kusema kwamba madai hayaeleweki, mdaiwa hajui anajitetea juu ya nini. Juji akikubali, kesi inaishia hapo bila deni lenyewe kuguswa. Mama huyohuyo aandikishe hivi: tarehe 4 Machi mdaiwa alichukua mifuko 12 ya unga ya kilo 25, kila mmoja faranga 50,000, jumla 600,000, aliahidi kulipa tarehe 4 Aprili, tarehe 19 Aprili alituma 150,000 kwa M-Pesa, inabaki 450,000. Mistari minne, na ndani yake hakuna shimo la kuingiza kidole. Hata yale malipo ya nusu yanamsaidia, kwa kuwa mtu halipi sehemu ya deni ambalo hakulichukua.

Ombeni pia kila mnachotaka kupewa, maana juji hatoi kisichoombwa. Deni lenyewe, riba, fidia ya hasara kama ipo na inaweza kuonyeshwa, gharama za kesi. Anayedai 450,000 na kuomba fidia ya milioni mbili kwa ajili ya “kuumizwa moyo” anajipunguzia uzito mbele ya juji, hata kama moyo kweli umeumia.

Pesa ya kuanzia ni konsinyasio inayolipwa grefe, na kila faranga inayotoka itoke na risiti yenye jina lako na namba ya kesi, ile RC mtakayoitaja mpaka mwisho. Nje ya ofisi hakosekani mtu anayejua “kukufikisha kwa juji”. Huyo hana risiti. Asiye na uwezo aombe cheti cha umaskini kwenye ofisi ya mambo ya jamii ya komini yake, kisha aombe mahakama imwondolee gharama zote au sehemu. Barreau, chama cha avoka, nayo ina ofisi ya ushauri wa bure. Kumwonyesha avoka karatasi yako mara moja, kabla haijasainiwa, hakukuondolei haki ya kusimama mwenyewe baadaye. Kinyume chake, shemeji mwenye kusema vizuri hawezi kusimama mahali pako kwa sababu tu anasema vizuri. Kazi hiyo ni ya avoka, au ya défenseur judiciaire ambaye sheria ya 1979 inamruhusu mbele ya tribinali za aina hii.

Wisiye, mpelekaji wa karatasi za mahakama, anapopeleka asinyasio, kuna hesabu ndogo inayoangusha kesi kubwa na ndogo bila ubaguzi. Kati ya siku ya kukabidhi karatasi na siku ya kufika mahakamani lazima zipite siku nane kamili, na siku mbili za pembeni hazihesabiwi. Karatasi ikikabidhiwa Jumatatu tarehe 2, hesabu inaanza tarehe 3 na kuisha tarehe 10. Odiansi (kikao cha kesi) ya mapema kabisa ni Jumatano tarehe 11. Iliyopangwa tarehe 10 ina kasoro, na mdaiwa asipofika juji hawezi kuendelea. Anayekaa mbali anaongezewa siku moja kwa kila kilomita mia. Kwa hiyo usingoje odiansi ndiyo ujue. Siku tatu nne kabla, pita grefe uombe kuona nakala iliyorudishwa na wisiye, usome mambo matatu: tarehe ya kukabidhi, nani aliyepokea, na saini yake au maandishi kwamba amekataa kusaini. Kama kilichoandikwa ni “amepokea kijana wa nyumbani” bila jina wala uhusiano na mdaiwa, tegemea maneno. Ukigundua mapema unaomba asinyasio nyingine. Ukigundua mbele ya juji umepoteza asubuhi na wiki kadhaa.

Odiansi ni za wazi kwa wote, Katiba ya 2006 inasema hivyo katika kifungu cha 20. Nenda basi ukakae benchi la nyuma asubuhi moja kabla ya siku yako. Utajifunza pale mengi kuliko kwa kuuliza majirani: utaona juji anavyopenda watu wasimame wapi, anakatiza wakati gani, nani anafukuzwa kwa sababu ya simu.

Siku yako fika mapema kuliko saa iliyoandikwa, hata kama kila mtu anajua itachelewa kuanza. Kwenye ubao kunabandikwa orodha ya kesi za siku. Tafuta RC yako. Isipokuwepo, kimbilia grefe hapohapo, usikae ukingoja kuitwa. Kesi inaitwa kwa majina, kwa sauti isiyokuwa kubwa, mara moja au mbili. Mtu aliyetoka kununua maji anarudi na kukuta imepita.

Kinachofuata kitaenda kwa Kifaransa, na inafaa kuyajua maneno machache kwa sikio. Juji kwanza anaangalia nani amefika na namna alivyoitwa, kisha anasema kama tribinali ni saisi, yaani kama kesi imefika mikononi mwake kisheria. Usipolisikia neno hilo, hakuna kitakachosemwa juu ya deni siku hiyo. Neno la pili ni remise, kuahirisha, na hilo ndilo linalopaswa kumsimamisha mtu nywele. Kuahirisha kukiwa contradictoire, maana yake wote mlikuwepo na mmesikia tarehe mpya. Hamtaletewa karatasi nyingine. Tarehe iliyotamkwa kwa sekunde tatu, katikati ya kelele za watu wanaoingia na kutoka, ndiyo wito wenu. Hata kama mdaiwa hakufika, wewe uliyekuwepo umeshafungwa na tarehe hiyo. Atakayeandikiwa ni yeye.

Hapa ndipo wasio na avoka wanapozama zaidi, na kosa si lao peke yao. Avoka ana ajenda, ana wenzake wa kumjulisha, ana karani anayepita grefe. Mama wa unga ana masikio yake tu. Karatasi ndogo yenye RC, tarehe na muhuri, anayopewa kila asiye na avoka kabla hajatoka, ingegharimu kipande cha karatasi na wino kidogo. Mpaka hiyo ije, usiondoke kwenye ukumbi bila kumsogelea grefiye kwa heshima: “Mama grefiye, RC yangu imerudi tarehe ngapi?” Andika hapohapo, kwenye kifuniko cha dosye.

Usipofika tarehe hiyo, mdaiwa aliyefika anaweza kuomba defo-konje: kesi inafutwa bila deni kuchunguzwa. Deni halifi, lakini unaanza upya, na konsinyasio mpya. Ugonjwa ukikupata, tuma barua kwa prezida wa tribinali pamoja na cheti cha daktari, ifike grefe kabla ya odiansi na nakala yako ipigwe muhuri wa kupokelewa. Hata hivyo barua ni ombi. Haikai kwenye kiti chako. Mdaiwa asipofika ilhali aliitwa vizuri, wewe ndiye unayeomba kesi isikilizwe kwa defo, yaani bila yeye kuwepo. Watu hudhani hapo wameshinda. Sheria inasema juji atakupa ulichoomba kama ataona ni haki na kimethibitishwa, kwa hiyo karatasi zinatakiwa vilevile, labda zaidi.

Zamu yako ya kusema ikifika, sema na grefiye akiwa kwenye jicho lako. Anachokiandika ndicho juji atakachosoma tena siku ya kuamua; ambacho hakikuandikwa kitategemea kumbukumbu ya mtu aliyesikiliza kesi nyingi asubuhi ile. Nenda taratibu, tarehe kwanza, kiasi baadaye, kisha karatasi inayoonyesha hivyo, halafu nyamaza kidogo kalamu ifike. Lugha ya ofisi ni Kifaransa, lakini Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa na majuji wengi mjini wanakisikiliza bila taabu. Sema mapema, kwa unyenyekevu: “Bwana prezida, naomba niseme Kiswahili.” Ni afadhali hivyo kuliko Kifaransa cha kujikaza, ambamo mtu anataka kusema amekopesha na anasema amekopa. Na ikibidi, grefiye akusomee alichoandika kwa Kifaransa kwa Kiswahili kabla ya wewe kusaini chochote.

Ushahidi unakuangukia wewe. Kifungu cha 197 cha kitabu cha tatu cha sheria za kiraia kiko wazi: anayedai atekelezewe wajibu aonyeshe kwamba wajibu upo, anayesema amelipa naye aonyeshe malipo. Karatasi ya kukiri deni, yenye kiasi kwa namba na kwa maneno na saini, inatosha karibu peke yake. Isipokuwepo, kusanya vipande: daftari la mikopo, ujumbe wa simu, taarifa ya M-Pesa au Airtel Money iliyotolewa na kampuni yenyewe. Code du numérique, sheria ya mambo ya kidijitali, ya tarehe 13 Machi 2023 imeyapa maandishi ya kielektroniki nafasi yake kama ushahidi, lakini picha ya skrini isiyoonyesha namba ya simu wala tarehe ni picha tu. Chapisha mazungumzo yote, hata mistari inayokuchoma. Iliyokatwa itaonyeshwa na mwenzako. Mashahidi waje na kitambulisho na wawe wameona wenyewe. Aliyesikia kwa jirani apumzike nyumbani.

Piga nakala tatu za kila kitu: moja ya dosye ya juji, moja ya mdaiwa, moja yako. Kila karatasi ipewe namba, na juu yake ukurasa mmoja wenye orodha. Asili zibaki mkobani, uzionyeshe zikiombwa. Nakala ya mdaiwa mpe kabla ya odiansi, naye asaini kwamba amepokea. Vinginevyo avoka wake atasimama kusema hajaona karatasi, na ana haki. Huko ni kuahirisha ambako umekutengeneza kwa mikono yako.

Avoka huyo pia atatupa vizuizi mwanzoni: mahakama haina uwezo, huna sifa ya kudai, karatasi ni batili. Usijibu kwa hasira, wala kwa kusimulia deni upya. Andika anachosema, jibu kile tu kilichoguswa, na kama hukuelewa omba muda wa kujibu kwa maandishi. Juji anaweza kuviunganisha vizuizi hivyo na kiini cha kesi na kuamua vyote pamoja.

Mjadala ukifungwa kesi inaingia delibere, juji anakwenda kuamua, na hapo kuna tarehe nyingine ya kufuatilia grefe. Hukumu ikisomwa, bado haijawa pesa. Inabidi ikabidhiwe rasmi kwa mdaiwa: kuanzia hapo ana siku 30 za kukata rufaa kwenye tribinali kubwa; kama ilikuwa kwa defo, kwanza ana siku 15 za kupinga. Mwenye karatasi ya deni iliyokubaliwa na mdaiwa aombe tangu asinyasio ya kwanza hukumu itekelezwe bila kungoja rufaa. Na wakati wa kukusanya bajeti ya kesi hii, weka pembeni kabisa pesa ya ile nakala yenye nguvu ya kutekelezwa, inayoitwa grosse, pamoja na ada za hazina na safari za wisiye, kwa maana dosye nyingi zilizoshinda zinalala kabatini grefe zikingoja mwenyewe arudi na hiyo pesa.